Swichi ya Bwana Afya

Fundi umeme wa pikipiki hapa Buguruni hapimi kwa futi. Pikipiki zetu hazina bamba mbele la kuficha swichi ya taa ya ziada, kwa hiyo huifunga juu ya usukani, kwenye jua na mvua, akiivisha kipande cha tyubu. Tangu sabuni ianze kuuzwa kwa foleni na vipuri viadimike, swichi zenyewe huzitoa kwenye redio mbovu. Mwenye pikipiki hupanda, hushika usukani, naye fundi humwambia kwa sauti yake ya mafua, "Fumba macho. Taa iko wapi?" Gumba linapotua, hapo ndipo hutia chaki. Mie nimemwona akimpandisha ofisa mzima mara tano, bila haya.

Jana mjane wa bwana afya aliileta pikipiki ya marehemu pamoja na mnunuzi. Mnunuzi akafumba macho, gumba likapapasa hewa. "Isogeze," akasema. Fundi alichukua spana, kisha akaiweka chini. Kwenye ule mpira wa swichi palikuwa na kibonyeo kilichochimbwa na kidole kimoja kwa miaka.

"Shemeji," akaita, "njoo ushike hapa kwanza, kabla sijalegeza."

Mjane akaweka gumba lake. Likapwaya. Fundi akageuka, akaanza kutafuta spana iliyokuwa miguuni pake.