Thelathini Waliobaki Nyuma ya Kilima

Koko hahesabu ng'ombe wake. Ukimuuliza anao wangapi atakwambia, "Wapo." Ukimng'ang'ania ataanza kutaja rangi zao, yule mwekundu, yule wa madoa, yule mwenye pembe iliyovunjika, mpaka uchoke mwenyewe. Idadi ya watoto wake pia haitaji. Huku kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, wazee wengi wako hivyo, na kanisani wanaenda kila Jumapili kama kawaida. Koko anasema kitu kikishahesabiwa mwisho wake umejulikana, na kuna wanaosubiri kuambiwa.

Mwaka jana mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhesabu moyo wake.

Koko ni mama yake baba. Naishi naye tangu nilipoingia kidato cha kwanza, kwa kuwa shule iko jirani na wazazi wangu wako Babati kikazi. Ana ugonjwa wa mapigo ya moyo kukosa mpangilio. Hauumi. Moyo unaenda mbio, unajikwaa, unanyamaza, kisha unakurupuka tena. Alianza kwa vidonge, havikutosha. Wakamlaza hospitali mjini, wakampa dawa ya usingizi, wakaushtua moyo kwa umeme ili urudi kwenye mwendo wake. Ulirudi. Ukatulia majuma tisa, halafu asubuhi moja akiwa anakamua akaweka kibuyu chini akasema, "Umeanza tena." Akaendelea kukamua.

Daktari akasema kabla ya kuamua hatua inayofuata anataka kujua moyo unaendaje nyumbani, si hospitali tu. Nesi akanipa daftari. Asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi, nimkalishe koko, niweke kidole kwenye kifundo cha mkono wake na sikio ubavuni kushoto, nihesabu dakika nzima. Niliona aibu kuweka sikio pale. Mimi ni mtu wa aibu kwa kila kitu. Darasani nikiulizwa swali nasimama tu mpaka mwalimu ananionea huruma. Lakini nikaweka.

Sikio lilisikia mapigo mengi kuliko yaliyofika kwenye kidole. Nesi alishaniambia itakuwa hivyo, kwamba mengine ni dhaifu, hayafiki mkononi, kwa hiyo niandike yale ya sikio. Nikamweleza koko. Akafikiri kidogo.

"Hayo yasiyofika mkononi," akasema, "yanaenda kwa nani?"

Siku nne za kwanza niliandika kama nilivyosikia. Siku ya tano ukungu ulishuka mapema mpaka kwenye migomba. Nilipotoka shule nikamkuta koko kwenye kigoda, uso kwenye geti. Nikainamisha kichwa anishike, tunavyosalimia wakubwa. Akanishika bila kunitazama.

"Njiani umekutana na nani?"

"Sijakutana na mtu, koko."

"Kuna mtu amesimama pale tangu saa saba. Namkaribisha, haingii."

Nikageuka. Geti lilikuwa wazi, mnyororo unaning'inia. Mbwa wetu alikuwa amelala akilitazama, habweki, na hakuwa usingizini. Nikaenda kulifunga. Nje hapakuwa na mtu, ukungu tu, ila mnyororo ulikuwa unachezacheza kama umeachiwa sasa hivi.

Niliporudi akasema nilete daftari nisome. Nikasoma. Mia moja na kumi na mbili. Mia moja na nane. Mia moja na kumi na tano.

"Umewaandika wote?"

"Ndiyo."

"Nani amekuambia uandike wote?"

"Nesi."

"Nesi hana ng'ombe," koko akasema, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Siku ile ya umeme walihesabu. Moja, mbili, tatu. Mimi usingizi ulikuwa unanichukua lakini nilisikia. Halafu nikasikia nne."

"Si nesi huyo huyo?"

"Nesi alikuwa mbele yangu, mdomo ameufunga. Nne ilitoka huku." Akagusa nyuma ya kichwa chake. "Ndiyo maana moyo haukukaa. Kuna aliyemalizia hesabu."

Akanipa masharti. Niendelee kusikiliza kama nilivyofundishwa, lakini kila nikiandika nitoe thelathini. Babu alifanya hivyo walipokuja watu wa kuorodhesha mifugo: thelathini walibaki nyuma ya kilima. Kinachokuja kuchukua kitaondoka na hesabu isiyo ya kweli.

Nikatoa thelathini. Themanini na mbili, sabini na tisa, themanini na nne. Getini hakusimama mtu tena. Nikiwa mkweli, nilizipenda zile namba. Zilikuwa namba za mtu mzima mwenye afya, na baada ya majuma mawili nikaanza kuziamini mwenyewe, wakati koko alikuwa anapumzika mara mbili kati ya nyumba na zizi, na jioni akivua kandambili alama za mikanda zinabaki zimezama kwenye miguu. Namwona, halafu naandika themanini na moja.

Siku ya kliniki baba mkubwa alikuja kutoka Olasiti na gari lake. Yeye ndiye mwana wa kwanza wa koko, na mambo ya hospitali huamua yeye. Chumbani kwa daktari tuliingia watatu. Daktari ni mama bado kijana, si wa huku, anaongea taratibu. Asubuhi ile mashine inayochora mapigo kwenye karatasi ilikuwa imeonyesha mia moja na ishirini na moja.

"Bibi, shikamoo. Unajisikiaje?"

"Marahaba. Sijambo."

"Kuchoka?"

"Sijambo."

"Na mapigo?"

"Yapo."

Baba mkubwa akacheka. "Daktari, hata akiulizwa ng'ombe wake anajibu hivyo hivyo. Yeyo, mama yangu, sema na daktari vizuri."

"Nimesema vizuri."

Daktari akafungua daftari langu. Akatueleza kwamba njia ziko tatu. Ya kwanza, kuuacha moyo uende bila mpangilio wake, kumpa vidonge vya kuushika usikimbie na vile vya kuzuia damu isigande. Ya pili, kuushtua tena, safari hii akiwa ameanza mapema dawa ya kuusaidia ukae. Ya tatu, kwenda Dar, ambako waya hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, na sehemu zinazouchokoza zikachomwa. Vidonge vya damu ataendelea navyo kwa vyovyote.

Akapitisha kidole kwenye namba zangu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mjukuu wako ameandika vizuri sana," akamwambia koko. "Na kwa namba hizi sioni sababu ya kukusumbua. Nyumbani unaenda vizuri. Leo ni hofu ya hospitali tu. Tubaki na njia ya kwanza."

"Mungu ni mwema," akasema baba mkubwa, akaanza kukusanya karatasi.

Moyo wangu mwenyewe nilikuwa nausikia masikioni, na nikagundua nauhesabu. Nilijua nikinyamaza tutarudi nyumbani na koko ataendelea kupumzika mara mbili njiani, kisha mara tatu. Nikisema, hesabu kamili itakuwa imetoka mbele za watu.

"Ongeza thelathini," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Baba mkubwa alikuwa ameshasimama. Nikarudia, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Kila namba humo ndani. Ongeza thelathini."

Daktari akanitazama. "Kwa nini?"

Nikamtazama koko, naye alikuwa anatazama dirisha.

"Wamebaki nyuma ya kilima," akasema. "Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyewaficha."

Nilidhani baba mkubwa atagomba. Alivua kofia akakaa. Yeye naye amezaliwa huku. Daktari hakucheka. Alichukua penseli akaandika jibu pembeni ya kila mstari, na chumbani ikasikika ile penseli tu.

"Bibi," akasema alipomaliza, "moyo ukikimbia hivi miezi mingi unachoka wenyewe, unalegea. Na ile miguu nimeiona. Siwezi kukuambia tubaki hapa tulipo. Lakini mwili ni wako. Unasemaje?"

Baba mkubwa alifungua mdomo, koko akamwinulia kiganja.

"Huko Dar watahesabu?"

"Watahesabu vitu vingi."

"Basi tuanze na umeme. Nitameza hiyo dawa mpya. Moyo ukikataa tena nitakwenda Dar, sitabishana. Ila siku ya umeme pasiwe na mtu wa kusema moja, mbili, tatu."

"Hatutahesabu," daktari akasema. "Tutatazamana tu."

Dawa alimeza majuma manne. Siku yenyewe ilipofika baba mkubwa alikwenda kuegesha gari, mimi nikakaa kwenye benchi nje ya mlango. Korido ile haina watu upande ule. Nilisikia magurudumu ya kitanda, mtu akasema "tayari", kisha kimya. Nilibana pumzi, nasubiri kama kuna atakayeanza. Hakuna aliyeanza. Kikasikika kishindo kidogo, kama gunia limeshushwa sakafuni.

Daktari alipotoka alikuwa anatabasamu. "Moyo umerudi," akasema. Akatazama korido, huku na huku. "Ni wewe uliyekuwa unahesabu hapa nje?"

"Hapana."

"Kulikuwa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Haya," akasema, akarudi ndani.

Sikumwambia koko. Naandika tu hapa.

Jioni tuliporudi nyumbani niliweka kidole na sikio kama zamani. Mapigo yalikuwa yanafuatana, na kila lililogonga sikioni lilifika mkononi. Sitini na nane. Nikaandika sitini na nane.

"Umewaandika wote?" akauliza koko.

"Wote."

"Nyuma ya kilima hakuna?"

"Hakuna, koko."

Akavuta shuka yake begani. "Basi kafunge geti."

Nikatoka. Ukungu ulikuwa umefika kwenye migomba, na mbwa alikuwa amelala pale pale pake, ila safari hii ameelekeza uso kwenye mlango wa nyumba. Tulipoingia na gari baba mkubwa aliliacha geti wazi, kwa sababu alikuwa anaondoka muda si mrefu, na gari lake bado lilikuwa uani. Nikalikuta geti limefungwa. Mnyororo umezungushwa mara mbili, kwa ndani.