Kompyuta ya Kurekodia Sauti ya Mama

Daktari alisema rovu la mama, ule uvimbe wa shingoni, lazima litolewe, kwa sababu lilikuwa limeanza kumbana pumzi akilala. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza choo kilipo, kwamba neva ya sauti inapita karibu kabisa na pale watakapokata, kwa hiyo sauti inaweza kubadilika. Mama akauliza kama ataweza kula ugali. Daktari akasema ataweza. Mama akashukuru.

Mimi sikuhisi kitu. Ningependa kuandika kwamba moyo ulinipasuka, lakini nilikuwa naangalia kiti cha daktari, kigurudumu chake kimoja kilikuwa hakigusi sakafu. Tuliporudi nyumbani Misigiri nikamwambia mama kwamba kabla hajaenda Dodoma kupasuliwa, nitamrekodi. Akasema, "Haya."

Mama ndiye anayeita nyimbo wakati wa kupura mtama. Wanawake husimama safu mbili na fimbo zao, yeye anaita, wao wanaitikia, fimbo zinashuka. Mtu akiwa na mtama mwingi humfuata mama kwanza, ndipo atafute wapuraji wengine. Sauti yake si nzuri kama za redioni. Ni nyembamba, inapanda juu ya vumbi na kelele, na hata aliye mwisho wa safu anajua lini ashushe fimbo.

Nilikuwa na maiki, hedifoni, na kile kisanduku cha kuunganishia maiki. Kurekodi nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video, nikitoka kwenye steshenari ninakopiga chapa. Kilichobaki ni kompyuta.

Hapo ndipo nilipojificha. Neno ni hilo. Wengine wakiogopa wanasali. Mimi nikaanza kusoma kuhusu prosesa. Kompyuta ya mezani ina nguvu, lakini umeme wetu ukikatika katikati ya wimbo, wimbo umekwenda. Laptop ina betri, lakini feni yake iko karibu na maiki, na kwa joto la mchana feni inavuma kama mtu anayepuliza moto. RAM ikiwa ndogo, sauti zikizidi programu inakwamakwama. Diski ya zamani ile inayozunguka inakwaruza, na maiki yangu inasikia kila kitu. Nilitaka nafasi ya kuweka sauti nyingi, kila mtu kwenye mstari wake: mama kwanza, peke yake, safi, waitikiaji siku nyingine, mmoja mmoja, fimbo mwisho. Nilitaka nikimaliza nisiwe na kosa hata moja la kujutia.

Nilienda Singida mjini mara nyingi, duka lilelile la laptop zilizotumika. Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu. Nilikuwa namwomba awashe mashine, afungue vitu vingi hadi ipate moto, halafu naweka sikio juu ya vitufe.

"Sista," akaniambia siku moja, "unanunua au unapima mgonjwa presha?"

"Inapiga filimbi hii."

"Filimbi gani? Hiyo ni trafiki nje."

"Zima feni ya dukani nisikilize tena."

Akaizima. Mteja mwingine akacheka, akasema, "Mwache, anasikiliza kama mimba imetunga."

Nikaikataa ile ya filimbi. Nikakataa nyingine kwa sababu kioo kilikuwa na doa, na doa halina uhusiano wowote na sauti, nilijua hivyo nikiwa nakataa. Nyumbani mama alikuwa anaanza kuvaa mtandio shingoni hata kwenye joto. Aliniuliza mara moja tu kama chombo kimepatikana. Nikamwambia bado, sijaridhika.

Niliyoichukua mwishowe niliichukua kwa sababu hospitali ilipiga simu kumwita mama. Ilikuwa nzuri. Kimya kabisa, diski mpya, RAM ya kutosha kubeba kijiji kizima. Muuzaji akaipakia kwenye begi akasema, "Leo mgonjwa kapona?"

Alasiri ya kabla ya safari nilitundika mablanketi kwenye kuta za chumba, nikaegemeza magodoro dirishani kupunguza upepo, nikafukuza kuku. Mama akakaa kwenye kigoda. Nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba. Nikabonyeza.

Akaita. Ilikuwa safi sana. Nilitazama mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwenye kioo, nikafikiri, ndiyo hii. Halafu akanyamaza.

"Endelea, mama."

"Niendelee wapi? Hujaitikia."

"Waitikiaji nitawarekodi baadaye. Wewe imba tu sehemu yako."

"Baadaye lini? Mimi naita sasa."

"Nitawaunganisha humu kwenye kompyuta."

Akaiangalia. "Basi iitikie yenyewe."

Alijaribu. Sitasema hakujaribu. Aliita, akasubiri kimya kipite, akaita tena, lakini hakujua asubiri kiasi gani, pumzi ikaishia pasipo pake, na sauti ikashuka mahali ambapo siku zote inapanda. Aliniangalia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilikuwa nimesikia nyimbo zile tangu nikiwa mgongoni, na sikuwahi kufikiri kwamba hazina sehemu ya mama peke yake. Nilipanga yote kwa kufuata video za watu wanaoimba wakiwa wamejifungia chumbani peke yao.

Nikatoka kutafuta wanawake. Wote walikuwa wamekwenda msibani kijiji cha pili, wangelala huko. Nikarudi.

"Kaa hapa," mama akasema, akigonga sakafu kwa kisigino. "Itikia wewe."

Sauti yangu siipendi. Nikiisikia kwenye spika natamani kutoka chumbani. Lakini nilikaa sakafuni, mbele ya maiki ileile moja, mama akapiga goti lake kwa kiganja mahali pa fimbo, akaita, nikaitikia. Tukaimba hivyo mpaka akachoka. Mashine yenye nafasi ya mistari yote ile, tulitumia mmoja.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama anakula ugali. Sauti imerudi nzito, yenye mkwaruzo, na akijaribu kupandisha inakatika. Siku hizi kwenye kupura anayeita ni mwanamke mwingine, mama yuko kwenye safu na fimbo yake, anaitikia.

Alipokuwa bado na bandeji nilikaa na ile rekodi nikijaribu kuitoa sauti yangu. Nilijikata kipande kwa kipande. Lakini mama haniachi nimalize. Anaanza kuita nikiwa bado naitikia, na kila nilipojifuta nilifuta na yeye, pakabaki shimo. Nikarudisha. Nikajaribu tena. Nikarudisha.

Mwishowe nikampelekea hedifoni asikilize. Alifumba macho. Nilisubiri aseme chochote kuhusu sauti yake. Akainua kidole.

"Hapa umechelewa."

"Najua. Nitarekebisha."

"Na hapa tena."

"Nitarekebisha, mama. Kuna namna ya kuisogeza."

"Usogeze nini?" Kwa ile sauti mpya. "Nilikusubiri."

Nikachukua hedifoni nikarudisha nyuma. Ni kweli. Kila ninapochelewa, anaivuta ile sauti ya mwisho, anaivuta, nyembamba, haikatiki, mpaka niingie. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule siku nzima nikitafuta makosa yangu tu, sikuwa nimelisikia hilo.

Sikulia. Niliona afadhali ningelia, kilio kingekuwa mahali pake. Mama akaomba maji, nikampa, akanywa kidogokidogo kama alivyoelekezwa. Kisha nikahifadhi wimbo kama ulivyo.