Siku Nilipotikisa Kibuyu cha Mama Mkwe

Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini, na siwezi kuisimulia mke wangu akiwa karibu, maana yeye huanza kucheka kabla sijafika popote.

Nilikuwa nasoma kemia chuo kikuu, nikaenda Boito na wazee wa kwetu kumposa Chelangat. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu (nilikuwa nimeonywa vya kutosha). Mambo yalikwenda vizuri mpaka babake akaniuliza huko chuoni nasoma nini hasa. Ningejibu kemia, tungekula. Lakini nilimwona Chelangat akichungulia kutoka jikoni, kichwa kikanivimba, nikasema nasoma kaboni iliyo kwenye mawingu katikati ya nyota.

Mzee akataka kujua kama hayo mawingu huleta mvua. Nikasema hapana, ni gesi na vumbi jeusi kama masizi, kwenye baridi isiyosemeka, na kaboni iliyozaliwa ndani ya nyota hufika pale ikanasa kwenye vumbi, ikakutana na hidrojeni na oksijeni, zikashikana, mpaka hata pombe hupatikana. (Pombe! Na huyo ni mzee wa kanisa.) Kuona nyuso zimekunjamana, nikatafuta mfano wa haraka, na mbele yangu palikuwa na kibuyu cha mursik, ambacho mama mkwe alikipaka mkaa ndani, akayafunga maziwa humo yagande kwa ajili yetu. Nikakinyakua. Nikawaambia vumbi ni huu mkaa, gesi ni haya maziwa, sasa yanakutana, nikatikisa, nikatikisa tena (mawingu yenyewe huchukua mamilioni ya miaka, ila mimi nilikuwa na haraka), nikasahau, mimi mwanakemia, kwamba maziwa yakichachuka hivyo hutoa gesi ya kaboni, na humo ndani ilikuwa inatafuta mlango.

Kifuniko kikaruka. Mursik ikampata mama mkwe usoni, ikateremka kwenye gauni lake jeupe la kanisa, na iliyobaki ikajigawa kwa wazee wa pande zote mbili bila ubaguzi.

Nilijua Chelangat ameniponyoka, na kusema kweli nilitaka kulia. Mzee mmoja wa kwetu alishaanza kutafuta kofia yake. Ndipo mama mkwe akajipangusa jicho moja, akaniangalia, akamgeukia mumewe.

"Baba Chelangat, msichana tumpatie. Lakini kibuyu asishike tena."

Nikaapa palepale. Mpaka leo, na watoto wetu wameshakuwa wakubwa, nikifika Boito namiminiwa kama mgeni, mikono nimeiweka magotini, na wala sijuti.