Vile chocolate chungu ya Homa Bay ilimfanya mama mkwe wangu akule tena

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimesoma mkibishana hapa kuhusu hizi chocolate nyeusi za kutiwa viungo. Wengine mnasema ni mambo ya matajiri, mwingine eti inakaa dawa ya minyoo. Nimecheka sana. Mimi ni nyanya wa watu, macho hayako sawa, lakini hii story niliiona mwenyewe na siongezi chumvi.

Miaka ya sitini, Uhuru ikiwa bado mpya, niliolewa Suna, hapa Migori. Bwanangu Ouma alikuwa anafanya kazi kwa duka la Wahindi huko Homa Bay, kupima sukari na kupanga magunia. Nyumbani anakuja mwisho wa mwezi.

Mimi nikabaki na mama mkwe. Nilimwita Mama tu. Jameni, huyo mama alikuwa na mdomo! Anakutania mpaka unasahau umechoka. Na kwa kupika hakuna aliyemkaribia. Akeyo, ile mboga yetu chungu, anaitia maziwa leo, kesho anaipasha anaongeza mengine, mpaka ule uchungu unatulia na unataka kulamba sufuria.

Halafu baba mkwe akafa.

Baada ya mazishi Mama aliacha kula. Hakuwa mgonjwa. Alikataa tu. Uji kidogo bila sukari, basi. Nikimletea samaki anasukuma sahani.

"Mzee anakula udongo, mimi nikule mafuta na utamu? Nitamwangalia na macho gani?"

Sasa mjue, kwa mila yetu bibi mpya hana jiko lake. Anapika kwa jiko la mama mkwe mpaka siku atakapopewa lake. Kwa hivyo kila sahani iliyorudi ilikuwa ni yangu. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nimeleta chira, ile laana ya kuvunja mila.

Maneno ya majirani yaliniuma, lakini si hayo yalininyima usingizi. Mama alikuwa anakonda nikimuona. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na huyu alikuwa amenipokea kama mtoto wake. Niliogopa atakufa, na nilimpenda.

Mwisho wa mwezi Ouma akakuja na kitu kimefungwa kwa karatasi ya khaki. Cheusi, kigumu kama kipande cha sabuni.

Kilitengenezwa na Mama Hansa, mwenye lile duka. Ndugu yake alikuwa anamtumia mbegu za kakao kutoka Uganda. Anazikaanga, anazisaga kwa jiwe, anatia iliki, tangawizi na pilipili manga, halafu anamwaga kwa treya ya bati igande. Ouma alikuwa amemweleza shida ya nyumbani. Akamwambia, "Peleka kwa mama yako hii. Hapana tamu. Mtu ya matanga naweza kula."

Nilionja kwanza mimi. Yawa! Uchungu wa kukunja masikio, halafu pilipili, halafu iliki ikapanda mpaka puani. Nilitema. Baadaye nikaenda kuchukua tena, sijui ni kwa nini.

Ouma akampa Mama. "Ni chungu, Mama. Haina sukari."

Akaweka mdomoni. Akakunja uso. Tukangoja ateme.

"Ni nani amepika hii mboga?"

"Si mboga, Mama."

"Kitu kichungu ni mboga. Na huyu hajaitia maziwa. Mwambie uchungu haufukuzwi na pilipili, unabembelezwa."

Ouma akacheka. Mimi nikacheka. Mama naye akaficha mdomo na leso, lakini mabega yalikuwa yanatingika.

Ouma alimfikishia Mama Hansa hayo maneno vile yalivyo, bila aibu. Mwezi uliofuata ikakuja ingine, sasa imetiwa maziwa yaliyochemshwa mpaka yakakauka, na sukari nguru kidogo.

Mama akaonja. "Tangawizi imezidi."

Mwezi mwingine tena. "Afadhali. Lakini hii sukari imetiwa na mtu amekasirika."

Halafu kuna siku Ouma alifika na chocolate yake kama kawaida, Mama akaishika, akaiweka chini.

"Nileteeni chakula kwanza."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ulimi wa mwenye njaa unadanganya. Nitahukumuje kazi ya mtu na tumbo tupu?"

Nikaleta ugali na samaki. Akakula. Akachokonoa mpaka kichwa cha samaki. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia kama mtoto.

Kutoka hapo alikula kila siku. Eti ulimi unazoeshwa, hauamshwi siku moja. Mimi nilikubali tu, ningebisha nini?

Lakini chocolate haikumridhisha hata mara moja. Matanga yalipoisha na akaruhusiwa kutembea, maana kwetu mjane haendi kwa watu kabla ya hapo, akasema, "Huyo mwanamke ana shida. Twende."

Tukaenda Homa Bay na sufuria ya akeyo.

Mama Hansa akatoka nyuma ya duka. Sari nyeupe, ile ya wajane wa Kihindi. Mikono haina bangili hata moja. Mama akasimama pale pale. Ouma hakuwa ametuambia! Wanaume, kwake hiyo ilikuwa nguo tu.

Mama hakujua Kiswahili vizuri, akaniambia nimuulize mzee wake alienda lini.

"Zamani. Hansa iko nanyonya bado."

"Na hii chocolate, wewe unakula?"

"Ile chungu nakula. Hii ya sukari na maziwa, hapana. Mimi mjane. Nafanya, naleta kwa mama."

Nilipomtafsiria, Mama alipiga makofi. "Yawa! Kumbe mpishi haonji! Ndio maana tangawizi inazidi kila mwezi!"

Alicheka, kisha kicheko kikaisha na macho yakajaa maji. Kulikuwa na treya hapo. Akavunja kipande, akakipeleka mdomoni kwa Mama Hansa kama mtu anayelisha mtoto.

"Mwambie mimi pia nilikataa. Mwambie nimekula, na mzee wangu hajakasirika."

Nilimtafsiria hayo maneno. Mama Hansa akafunga macho, akafungua mdomo. Akatafuna polepole, machozi yakishuka mpaka kidevuni.

Kisha akasema, "Tangawizi mingi sana."

Basi wakuu, nimejifunza kwamba mtu wa huzuni usimbembeleze na sahani tu. Muulize kitu anachokijua, akukosoe, na yule anayewatumia wengine chakula, uangalie kama yeye mwenyewe amekula.

Kuna mtu wenu alikataa chakula kwa uchungu wa moyo? Ni nini kilimrudisha? Andikeni, nitasoma zote, polepole tu, ni haya macho.