Mbuzi wa Barnaby

Edie Garbutt aliingia kwenye mabanda ya farasi wakati wa vita, vijana wote wa mji wetu wa Middleham walipochukuliwa kwenda kupigana. Alishika beleshi la kuzolea mavi, ndoo na brashi, na kwa miaka sita farasi wa mbio wa matajiri, waliofunzwa na Kapteni Lumley, walikula na kulala kwa mikono yake. Vita vilipoisha wanaume wakarudi. Kapteni akamshukuru sana, akampa keki, akamwambia sasa arudi jikoni kumpikia kama zamani. Miaka saba imepita na hilo bado linaniudhi, ingawa keki yenyewe niliila na mimi.

Kilichomwokoa ni Barnaby, farasi mwekundu mwenye mbio za ajabu na roho ya woga. Kila mwanamume aliyeingia bandani mwake aling'atwa. Edie peke yake ndiye aliyeweza kumgusa, na hata hivyo farasi hakula mpaka Edie alipomletea Matilda. Matilda ni mbuzi. Huku kwetu farasi mwoga hutafutiwa mbuzi wa kulala naye, na wakishazoeana ndiyo basi tena, huwezi kuwatenganisha. Kwa hiyo Kapteni akawa hana la kufanya. Ukimtaka Barnaby lazima umtake Matilda, na ukimtaka Matilda lazima umvumilie Edie.

Mwaka huu mwenye Barnaby, Bwana Sowerby wa viwanda vya sufu kule Bradford, akachoka kusubiri. Akasema Barnaby asiposhinda mbio za Jumamosi hii, anamhamishia kusini kwa mkufunzi mwingine. Barnaby akiondoka, Edie hana tena kazi bandani, anarudi kumenya viazi vya Kapteni mpaka azeeke. Mji mzima ulilijua hilo, na Edie alilijua kuliko wote.

Alhamisi asubuhi akaingia jikoni kwangu mbio, mimi nikiandaa chakula cha mchana cha baa.

"Florrie, shoga yangu, Matilda hayupo!"

"Atakuwa kwenye kabichi za kasisi tena."

"Kabichi gani! Kamba imekatwa kwa kisu, nimeiona kwa macho yangu. Barnaby anazunguka tu bandani tangu alfajiri, jasho linamtiririka, chakula hajakigusa. Keshokutwa atakimbia na nini? Mimi nimekwisha, Florrie, nime..."

Alikuwa anaitazama kofia iliyotundikwa mlangoni.

"Ya nani hiyo?"

"Ya yule mgeni, Bwana Crewe wa London. Eti amekuja kuchora picha za ngome yetu ya kale. Tangu Jumatatu sijamwona hata na penseli. Na leo kaniambia panya wangu wamemlia kofia. Panya! Kwangu mimi! Nusura nimtupie mizigo yake barabarani."

Edie akaichukua ile kofia, akaipeleka dirishani. Ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja.

"Panya hutafuna, shoga. Huacha alama za meno. Hii imevutwa mpaka ikachanika, tazama nyuzi zinavyoning'inia. Mbuzi hana meno ya mbele juu, hawezi kukata. Anabana, anavuta." Akainusa. "Na inanuka tumbaku. Kwa tumbaku Matilda humfuata hata shetani. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mezani, anasubiri kula."

"Basi mlishe, asitoke mpaka nirudi."

"Nimlishe nini, na nyama yenyewe bado ya mgawo wa serikali?"

"Mlishe viazi. Mlishe maneno. Maneno unayo tele."

Sikukasirika, maana ni kweli. Nilimpa Bwana Crewe pai ya viazi, nikampa nyingine, nikaketi mbele yake nikamsimulia mguu mbovu wa mama yangu tangu ulipoanza kuvimba. Kila akigusa kiti ainuke, namwongezea mchuzi.

Edie naye alikwenda kumtoa Barnaby nje. Kapteni akamfuata uani anapiga kelele.

"Edie, umerukwa na akili? Farasi hajala, wewe unampeleka matembezi?"

"Hajala kwa sababu mwenzake hayupo, Kapteni. Nampeleka akamtafute."

"Na akikuponyoka?"

"Akiniponyoka mfuate yeye, mimi niache."

Wakashuka mtaani taratibu. Kwenye kila kibanda cha makaa na kila ghala Edie alisimama, akamwacha Barnaby asikilize. Watu wakatoka majumbani, wakaanza kuwafuata. Konstebo Pickersgill akaja nyuma anasukuma baiskeli, akiuliza kama maandamano yale yana kibali. Walipofika kwenye tanuri la zamani la chokaa, Barnaby akasimama ghafla, akainua masikio, akalia kwa nguvu zake zote. Ndani ya tanuri sauti nyembamba ikamjibu.

Konstebo alivunja mlango kwa teke. Matilda akatoka anatafuna gunia, wala hakusema asante. Barnaby akainamisha kichwa, akaweka pua mgongoni kwa mbuzi wake, akashusha pumzi ndefu, na hapo hapo akaanza kung'oa majani ya kando ya njia na kuyala. Edie alilia mbele ya watu wote bila kuficha uso, na nikisimuliwa hata mimi hulia.

Kumbe mimi huku nimeishiwa maneno. Mguu wa mama umekwisha, nimeingia kwenye jino la shangazi. Ndipo mlango ukafunguliwa. Edie mbele, Konstebo nyuma yake, Matilda katikati, nusu ya mji nje, na kichwa cha Barnaby dirishani.

"Bwana," akasema Konstebo, "unamfahamu mbuzi huyu?"

Crewe akasimama, akavuta koti lake. "Sijapata kumwona maishani mwangu."

Matilda akapita katikati ya viti moja kwa moja mpaka kwake, akasimamisha miguu ya mbele juu ya mapaja yake, akatia mdomo mfukoni mwa koti, akautoa mfuko wa tumbaku.

"Yeye lakini anaonekana anakufahamu," akasema Konstebo.

Baa ililipuka kwa kicheko, mimi mbavu zikaniuma mpaka jioni. Crewe alikiri kila kitu kabla chai haijachemka: alitumwa na wacheza kamari wa London waliotaka Barnaby ashindwe. Nilimfungia kipande cha pai akale mahabusu. Sina roho mbaya.

Jumamosi Barnaby alishinda, akimtangulia wa pili kwa urefu wa kichwa tu. Nilikuwa pale uzioni mwa uwanja wa mbio, sauti imenikauka. Siku za mbio Kapteni humpa mwanamume kamba ya kumwongoza farasi, naye Edie hubaki nyuma kwenye lori la farasi na Matilda, kwa kuwa wenye uwanja hawapendi kuona sketi pale mbele. Lakini siku hiyo Barnaby alipomaliza kukimbia, yule mwanamume wa kamba aliponyoosha mkono tu akang'atwa. Kapteni akatazama kamba, akageuka kutazama lori.

"Edie! Njoo ushike!"

Edie akaja na mabuti yake ya matope, akamwongoza Barnaby mpaka kwenye lango la ua wanamoingizwa washindi. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Samahani, Kapteni. Wanawake hawaruhusiwi humu."

"Huyu si mwanamke," akasema Kapteni, "ni mtunza farasi wangu!"

Maskini, alidhani anamsifu. Edie akasimama, na Barnaby akasimama naye. Nyuma yao msururu wote ukakwama, pamoja na Bwana Sowerby na sigara yake kubwa.

"Mimi ni mwanamke, Kapteni, na ni mtunza farasi wako. Sema vyote viwili, ndipo niingie."

Kapteni aliwiva uso mpaka masikioni. Alimtazama Sowerby, akamtazama mlinzi, akavua kofia, akavisema vyote viwili kwa sauti ambayo hata mimi kule uzioni niliisikia. Mlinzi akafungua lango.