Mguu Alioukanda Mama

Kabla figo zangu hazijachoka, nilikuwa fundi wa kanzu hapa Ndia Kuu, ulimi wangu mwepesi kuliko cherehani. Mama yangu ni mkandaji. Wanawake waliojifungua Mji wa Kale wengi wamepita mikononi mwake.

Figo zilipofeli nikaanza kusafishwa damu kwa mashine. Viganja vilikuwa vyeupe, na nikipanda ngazi moyo ulidunda. Figo ndizo zinazouamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, na zangu zilikuwa zimenyamaza, damu ikapungua.

Kisha mguu wa kushoto ukafura. Shavu la mguu likawa gumu, tena la moto.

"Ni cherehani uliyoikanyaga miaka yote hiyo, mwanangu," Mama akasema. "Nyosha mguu."

Akapasha mafuta ya ufuta, akanikanda kwa nguvu zake zote. Nami niliuma leso nisipige kelele. Asubuhi yake kifua kikanichoma upande mmoja, pumzi zikawa hazishuki. Nikakohoa, mate yakatoka na damu. Nasema kweli, niliogopa kufa.

Hospitali daktari alisema damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kikapanda hadi kwenye pafu.

"Daktari, huyu damu hana," Mama akabisha. "Itaganda ipi?"

"Hizo chembe chache alizo nazo, Mama, sumu ambayo figo hazitoi tena inaziharibu ngozi, zinanata. Mtu wa figo huweza kupungukiwa damu na bado ikaganda. Na mguu kama ule haukandwi."

Mama alikaa sakafuni. "Basi ni mimi niliyetaka kumuua mwanangu."

Daktari akamwambia kipande kile kingeweza kupanda chenyewe. Wapi! Hakusikia.

Nilipewa dawa ya kuzuia damu isigande, na sindano za kuongeza damu kwa kipimo cha tahadhari, maana nazo zikizidi huleta kuganda. Nikapata nafuu polepole. Mama ndiye hakupona. Mafuta yake alimgawia jirani, na waliokuja kumwita akawaambia mikono inamuuma. Kumwona vile kuliniuma kuliko kifua.

"Mama, ulinikanda kwa mapenzi," nikamwambia siku moja. "Rudi kazini, ila uulize kwanza."

"Niulize nini?"

"Kama miguu yote miwili iko sawa."

Juzi aliitwa Mwembe Tayari kwa msichana aliyejifungua mtoto wa kwanza, akakubali kwenda. Mkeka umeshatandikwa, mafuta yameshapashwa. Mama akautazama mguu mmoja uliofura, akasema, "Huyu simkandi. Iteni teksi." Mavyaa, mama wa mumewe msichana, akanuna, akasema mkandaji gani huyu. Hospitali wakakuta damu imeganda, wakaiwahi. Leo msichana yule ananyonyesha, alhamdulillahi, na Mama amecheka kwa mara ya kwanza tangu nilipougua.

Kwa hiyo wewe unayesafishwa damu, nawe uliyejifungua karibuni, mguu mmoja ukifura na kupata moto, kimbilia hospitali. Usimwachie mtu akukande, hata akiwa mama yako. Hasa mama yako, kwa sababu huyo ndiye utakayeona haya kumkataza.