Sikio la Kushoto

Niliporudi nyumbani likizo ya Aprili nilikuta mvua, na nikamkuta Baba ana wasiwasi juu ya sikio la mbwa.

Baba alikuwa mtunza mbwa kwenye shamba la kahawa, upande wa Ruiru wa kuelekea Thika. Bwana mwenye shamba alifuga mbwa wakubwa wa ulinzi, Alseshen, na kuwauzia wazungu wenzake. Siku hizo za Hali ya Hatari kila mzungu aliogopa kuvamiwa na alitaka mbwa wa kulala mlangoni pake, ila hakuna aliyemtaka mwenye masikio yaliyolala. Watoto wa mbwa walikuwa wanne, wa miezi mitano. Watatu masikio yao yalikuwa yameshasimama. Wa nne, jike dogo lenye doa jeupe kifuani, sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika kama bahasha.

“Jumamosi bwana ya Thika nakuja angalia,” bwana alimwambia Baba. “Kama sikio hapana simama, mimi piga risasi. Hapana taka watu sema mbwa yangu iko mbaya.”

Memsabu, mke wa bwana, alikuwa amempa Baba plasta ya kusimamishia sikio, na kazi ya kufunga ikawa yangu. “Wewe una vidole vya kalamu, mama,” Baba aliniambia. Kwetu baba humwita binti yake mama. Alimshika yule jike katikati ya magoti, nami nikakunja kitambaa kama sigara, nikakiingiza sikioni, nikazungusha plasta kuanzia chini kwenda juu. Alininyonya kidole gumba muda wote. Sikumpa jina. Baba alinikataza, akasema mbwa wa kuuzwa hapewi jina na sisi.

Jumatatu usiku kibanda kilivuja. Asubuhi plasta yote ilikuwa imebanduka na kutafunwa, na sikio limeanguka kama mwanzo.

“Nenda kwa memsabu umwombe nyingine,” Baba alisema. “Wewe si unajua Kizungu?”

Nilikijua. Darasani nilikuwa nikisoma kwa sauti wenzangu wakishindwa. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kusimama mbele ya mtu umwombe kitu ni kingine. Njiani niliirudia sentensi ya kuomba plasta mara tano. Mpishi alikuwa mlangoni pa jikoni akimenya viazi.

“Ee, msomi! Gonga tu, memsabu yuko ndani. Au Kizungu umekiacha shuleni?”

Akacheka. Kupitia dirishani niliona rafu, na juu yake kopo jeupe la dawa likiwa wazi, plasta zimepangwa ndani, duara juu ya duara. Nikainua mkono nigonge. Nikasikia viatu vya memsabu vikija, vinagonga sakafu, na sentensi yangu yote ikayeyuka. Nilikimbia. Nilipita katikati ya miti ya kahawa hadi gauni likalowa kabisa.

“Amesema zimeisha,” nilimwambia Baba.

Baba alijikuna shingo. Kisha akaenda kwenye baisikeli yake, akatoa kwenye mkoba kibati cha solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, pamoja na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Pale kwenye nyumba za wafanyakazi hakuna kilichopasuka ambacho hakikuzibwa na gundi ile.

“Hii imeshika viatu vyangu, imeshika na beseni la mama yako. Itashindwa na sikio?”

Nilipaka mimi. Nilipuliza ikauke, kama nilivyomwona akifanya na mpira, nikabandika. Yule jike alilia kidogo tu. Sikio likasimama wima.

Siku iliyofuata mpishi alikuja kutazama, akapiga saluti. “Sasa huyu ni polisi kabisa!” Baba alicheka, na mimi nikacheka. Nilijiona nimepona.

Alhamisi yule jike hakula. Alikuwa akitikisa kichwa na kukisugua ukutani. Ijumaa nilipomsogelea, palikuwa na harufu kama ya nyama iliyosahaulika. Baba naye aliisikia.

“Tutoe, mama?”

Nilijua tukitoa, sikio litalala, na Jumamosi ni kesho. “Tungoje yule bwana aje aende,” nilisema. Baba alinisikiliza kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Mzungu wa Thika hata hakuinama. Alisimama hatua tatu mbali, akaziba pua. Bwana ndiye aliyeshika mpira na kuuvuta, ukaja pamoja na ngozi. Kilio kile siwezi kukiandika.

“Nani nafanya hii?”

“Mimi, bwana,” alisema Baba. Hakunitazama.

Bwana alimpiga kofi, Baba, mtu mwenye mvi, na mimi nikiwa pale nimeshika ndoo. Halafu alikwenda kuchukua bunduki, akampeleka yule jike nyuma ya kibanda. Nilisikia mlio mmoja.

Baba alikuwa akichimba shimo memsabu alipokuja, macho yake mekundu. Alinisemesha mimi, kwa Kiingereza. Alisema ana plasta kopo zima, kwa nini hatukumwomba? Alisema Jumanne alimwona msichana akikimbia kutoka mlangoni pake, akadhani ametishwa na mbwa. Alingoja jibu. Nilitazama viatu vyake. Mwishowe akaondoka.

Baba aliacha kuchimba, akaegemea jembe. Shavu lake lilikuwa bado limevimba.

“Amesema nini, mama?”

“Amesema pole.”

“Amekuja mwenyewe kutupa pole?” Baba alitikisa kichwa. “Huyu memsabu ana roho nzuri.” Akainamia shimo tena, na mimi nikamsogezea gunia.